Picha ya Enemona Yakosa Ukuta

Mama Ojochide Enemona alifunga kilemba chake cha buluu, akapanda bajaji akiwa amepakata picha ya marehemu mumewe.

"Mama, na huyu mzee nauli yake nani analipa?" dereva alitania.

"Huyu alikuwa gavana. Endesha taratibu."

Dereva aligeuka kuitazama. "Gavana wa wapi? Mbona kwenye kalenda ya magavana hayumo?"

Mama aliifunika picha kwa kanga. Mumewe alikuwa katibu mkuu wa jimbo la zamani. Wanajeshi walipomwondoa gavana wao wakachelewa kuleta mwingine, ni yeye aliyelishika jimbo, toka mvua za kwanza hadi mavuno ya viazi vikuu. Alitoka ofisini na kalamu yake tu. Miaka ikapita, jimbo likagawanywa, na mji wao ukaangukia jimbo jipya. Kwenye makao makuu ya zamani wakaishusha picha yake, wakasema: mtu wenu huyo, mchukueni. Mama aliifuata mwenyewe.

Sasa jimbo jipya nalo lilikuwa linafungua ukumbi wa picha za magavana. Kama hapa asingetundikwa, asingetundikwa popote.

Afisa wa ukumbi, Bwana Atadoga, alimkaribisha kwa heshima, akamvutia kiti.

"Tunamjua, Mama. Shida ni kwamba hakutawala jimbo hili."

"Alitawala ardhi hii hii unayoikanyaga."

"Kwa jina la jimbo jingine." Akashusha sauti. "Ila njia ipo. Tumweke wa kwanza. Tuandike kwamba jimbo lilipozaliwa ndiye aliyelipokea. Nani anakumbuka?"

Mama alitazama ukutani. Mahali pa kwanza palikuwa na mwanajeshi mwembamba, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Na huyu?"

"Huyo alitoka mbali. Watu wake hawaji huku. Tutamtoa."

"Ana mjane?"

"Sijui, Mama."

"Huenda yupo." Akaifunika tena picha kwa kanga. "Enemona hakumnyang'anya mtu kiti akiwa hai. Hatamnyang'anya mtu akiwa kaburini."

"Mama, usiwe mgumu hivyo. Siku ya sherehe utakaa na gavana mbele kabisa."

"Nimeshakaa mbele, mwanangu. Niitie bajaji."

Alipofika nyumbani, jirani yake, Mama Achenyo, alichungulia juu ya ukuta, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Wamemkataa?"

"Wamemkubali. Mimi ndiye niliyekataa."

"Wewe na kiburi chako," alisema Mama Achenyo, akarudi kwenye chungu chake.

Ndani kulikuwa kimya. Watoto walikuwa Houston, na simu yao ilikuwa ya Jumapili. Mama Ojochide alipanda kwenye kigoda, akairudisha picha kwenye msumari wake, mbele ya kiti anachokalia akila. Akashuka, akarudi nyuma, akaitazama. Ilionekana imeinamia upande wa dirisha. Akapanda tena akaisogeza, akashuka, akaitazama tena. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kama imenyooka.