Puto Lililopotea Siku ya Roketi ya Mwezini

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa katika kiwanja cha ndege cha Bukoba. Kila alasiri tulijaza puto gesi na kuliachia. Mmoja wetu alilifuata kwa darubini akisoma pembe kila dakika, mwenzake akiziandika kwenye fomu. Kwa pembe hizo tulijua upepo wa juu unavuma kuelekea wapi na kwa kasi gani.

Siku watu waliporushwa kwenda mwezini, mwenzangu aliugua. Baba yangu, mkulima wa kahawa wa Muleba, alikuwa amekuja kunitembelea. Kusoma na kuandika alifundishwa na mapadri, kwa hiyo nikamkabidhi kalamu.

Mkuu wa kituo alikuwa amefungua redio.

“Huko Marekani nako wanarusha maputo,” alituambia. “Upepo wa juu ukiwa mkali, roketi haiondoki. Leo nataka fomu iliyojaa.”

Puto likapaa juu ya ziwa. Nilisoma, baba akaandika. Dakika ya tisa likamezwa na moshi wa kiangazi.

“Soma,” baba alisema.

“Silioni, Tata,” nilimjibu baba.

Mkuu alisogea. “Upepo wa jana unaujua. Kadiria, ujaze mpaka dakika ya ishirini.”

Nilikwisha kufanya hivyo mara mbili siku za nyuma. Nikafungua mdomo nitaje namba.

“Umeliona?” baba aliniuliza.

“Hapana.”

Akafunika kalamu. “Basi sina cha kuandika.”

Mkuu hakuzoea kubishiwa, lakini hakuweza kumkaripia mzee mbele ya mwanawe. Alirudi ndani.

Baadaye rubani wa ndege ndogo ya kwenda Mwanza alikuja kuuliza upepo. Nilimwonyesha fomu iliyoishia njiani.

“Nitaruka chini ya kimo mlichoishia kupima,” alisema, akaenda zake.

Sikujiona shujaa. Niliona nafuu, na aibu kidogo kwa zile mara mbili.

Jioni redio ilitangaza kwamba roketi imeondoka salama. Baba aliuliza waliomo ndani wanakula nini.

Wiki moja ikapita. Kisha mwenzangu akahamishwa, na mkuu akawa anashika kalamu mwenyewe. Puto likipotea mapema, alisema tu, “Limekwenda,” akapiga mstari chini ya namba ya mwisho.