Mguu wa Fundi Chande

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka vizuri sana, ingawa kwa zaidi ya miaka ishirini kila nilipoulizwa habari zake nilisema nimesahau. Sikusahau. Nilisema uongo redioni, nchi nzima ikisikiliza, na uongo wenyewe ulikuwa wa maneno manne: "Nilijifunza hapa hapa Maputo."

Nakuandikia wewe unayejiandaa kwenda kupiga ala yako kwenye kipindi cha wanamuziki vijana. Najua unaogopa uzi kukatika na vidole kuteleza. Hayo yatapita. Mimi nataka kukuonya juu ya swali la mwanzo, lile linaloonekana rahisi.

Nilizaliwa Kionga, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, na aliyenifungulia mkono ni Fundi Chande, mshona nguo. Kwetu ndivyo tunavyosema: anayekushikisha ala mara ya kwanza amekufungulia mkono, na kabla ya kupiga mbele za watu unamtaja jina. Hata wapigaji wa harusi wasiojua aibu nyingine yoyote, hiyo wanaijua.

Fundi alikuwa na fidla moja yenye ufa uliozibwa kwa gundi ya viatu. Nota hakuzijua. Aliketi kwenye cherehani yake, akakanyaga, nami nikasimama pembeni nikipiga kwa kufuata mguu wake: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Nikitoka kwenye mwendo hakunigombeza. Alisimamisha cherehani, akanitazama juu ya miwani.

"Bibi we, umenikimbiza. Sasa nimemshonea mtu shati la mikono mitatu. Tumpe nani?"

Kisha nikapata bolsa, ufadhili wa serikali, ya kwenda kusoma Maputo. Huko nikajifunza nota, na muziki wa mabwana wa Ulaya waliokufa zamani, na ubaya wa viatu vyangu. Wenzangu walikuwa na piano sebuleni kwao. Siku nilipoalikwa redioni, mtangazaji, mama mmoja mwenye sauti laini, akaniuliza nani alinifundisha. Nikaona duka la Fundi lote kwa mara moja: vipande vya nyuzi sakafuni, pasi ya mkaa, sare za shule zimening'inia. Nikawaona na wenzangu wakicheka. Yakanitoka yale maneno manne.

Halafu nikapiga. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, alinionyesha kwa ishara nitulize mguu wangu uliokuwa ukigonga sakafu. Nikajaribu, nikashindwa. Lakini nilipiga vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningepiga vibaya, ningekuwa nimeadhibiwa tayari.

Likizo iliyofuata mama akanisimulia. Siku ile Fundi alifunga kazi, akaiweka redio juu ya meza ya kupigia pasi, akaita watu, akawapikia chai kwa mkono wake. Wenye sare zao wakaambiwa warudi kesho.

"Akasemaje nilipomaliza?" nikauliza.

"Hakusema kitu. Alikusanya vikombe."

Likizo nzima nilipita njia ya nyuma, nisionane naye. Nilijitetea kama msomi: labda betri zilikuwa dhaifu, labda Kireno chake hakikufika mbali. Miaka ikapita, fidla nikaiweka kando, nikawa mwandishi wa insha. Niliandika hata insha ndefu kuhusu wajibu wa kuwatambua walimu wetu wa vijijini. Ilipongezwa sana. Jina la Fundi Chande halimo.

Kisha ikaja miaka ya kukimbia vita, watu wa kwetu wakatawanyika, wengine mjini Pemba, huku huku Msumbiji, wengine ng'ambo ya Ruvuma, Tanzania. Sikujua tena Fundi yuko wapi, wala kama yupo.

Mwaka huu mpwa wangu Mariamu, niliyemfundisha mwenyewe kwa ile fidla niliyoipangusa vumbi, akaalikwa kwenye kipindi kama kile. Akanijia mchana jikoni.

"Shangazi, nikiulizwa, nimtaje nani?"

Nilitaka kusema, nitaje mimi. Badala yake nikamweleza yote, kisu cha vitunguu mkononi, ili nikilia nipate cha kusingizia.

"Shangazi! Wewe? Wewe unayetufokea barabara nzima tusipomwamkia mtu?"

"Mimi huyo huyo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alipofika redioni alisema kwa Kireno, akarudia kwa Kiswahili: "Mkono wangu umefunguliwa na shangazi yangu, na wa shangazi ulifunguliwa na Fundi Chande, mshona nguo wa Kionga. Kama yu hai, anisikie."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hiyo. Ukiulizwa, mtaje. Taja jina lake na kazi yake, iwe kushona au kuuza vitumbua, na umtaje kabla hujapiga, maana baada ya makofi ulimi huwa mzito. Usingoje uwe mkubwa ndipo ushukuru. Mimi nilingoja, na kama mambo yamenigeukia vizuri, si kwa akili yangu. Mungu akupe vidole vyepesi, na akubakishie wa kuwashukuru wakiwa bado wanasikia.

Siku tatu baada ya kipindi, simu yangu iliita. Namba ya Tanzania.

"Dotora?" Kwetu ndivyo aitwavyo mwanamke msomi.

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini niliijua. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Niko Mtwara kwa binti yangu. Amenifungulia redio kwenye simu, nimemsikia mtoto wenu. Namba yako ameiomba huko redioni."

"Fundi, siku ile mimi, redioni..."

"Nilikusikia."

"Na nilichosema?"

"Walinitafsiria. Wambea walikuwepo. Nikanuna kidogo. Halafu ukaanza kupiga, nikasikia sakafu inagongwa, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Nikawaambia, nyamazeni, huo mguu wangu."

"Mama alisema hukusema kitu. Ulikusanya vikombe."

"Ulipomaliza, ndiyo. Ulitaka nilie mbele ya wateja?"

Akakohoa.

"Ila pale katikati ulinikimbiza. Na mtoto naye anakimbiza, amekurithi. Fidla iko karibu?"

"Ipo."

"Haya, ishike."

Nikaiweka simu mezani, nikaishika fidla. Upande wa pili, taratibu, cherehani ikaanza kukanyagwa.