Kifuko cha Kuvumwani Uani kwa Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha utafiti Lushoto, Mtafiti Mwandamizi alinipa glavu, mkasi na wavu wa nailoni, akaniambia, "Leo utashona." Nilikuwa msaidizi wa maabara, nimetoka chuoni na koti jeupe nililolipiga pasi mwenyewe. Kutwa nzima nilishona vifuko.

Ndani yake tulitia kuvumwani, ule ujani mororo unaofunika mawe na magome ya miti msituni. Kuvumwani haina mizizi ya kunyonya udongoni. Inakula kwa mwili wake wote, kwa hiyo vumbi na chembe za metali zinazopeperuka hewani hunasa humo. Tuliichuma katika msitu wa ndani, mbali na barabara, tukaisafisha, tukaining'iniza katika vijiji jirani na machimbo ya boksiti, udongo mwekundu wa kutengenezea alumini. Baada ya wiki kadhaa tuliishusha, tukaikausha na kuipima.

Kifuko cha karibu zaidi na machimbo kilining'inia kwenye mpeasi, uani kwa baba mkwe wangu. Kwa desturi ya kwetu, mke wa mwana hasimami kuongea na baba mkwe, nikapitishia ujumbe kwa mama mkwe: "Mwambie baba atutunzie."

Akatutunzia. Majibu yalipotoka, kifuko chake kilikuwa kisafi kuliko vyote. Mtafiti Mwandamizi alishuku, tukapanda naye hadi kule. Hakumwamkia mzee. Aliuliza tu nani amekigusa.

"Mimi," mzee alijibu. "Kila asubuhi nilikiosha vumbi, nikakinywesha. Kilikuwa kinakauka."

"Umetuharibia kazi nzima, mzee. Hukuambiwa kisiguswe?"

Mzee akanigeukia mimi. Niliinamisha uso, nikaangalia viatu vyangu. Naye akavua kofia mbele ya wajukuu wake, akamwambia Mtafiti, "Nisamehe, bwana."

Tulirudia upimaji. Safari hii hakuna aliyekigusa, na kifuko kilishuka chekundu kwa vumbi. Kwa majibu hayo wenye machimbo walikubali kumwagia maji barabara yao, na wanakijiji wakaniletea kuku wa shukrani. Nikapandishwa cheo, nikahamishiwa Bulwa kupima moshi wa viwanda vya chai.

Miaka ilipita. Mzee alipolala kitandani asiinuke tena, nilivunja desturi, nikakaa karibu yake.

"Baba, siku ile hukukosa. Mimi nilisema utunze. Sikusema usiguse."

"Najua, Mama Eliza," alisema taratibu. "Mama alinipa maneno yako kama yalivyo. Nilikuwa nangoja useme."

Sasa nimestaafu. Vijana wa kituo huja kuniuliza habari za kazi, nami huwaeleza jinsi ya kuchuma, kusafisha na kuning'iniza. Wakifika kwenye majibu yaliyoharibika ya kijiji kile, huwaambia kosa lilikuwa la msaidizi wa maabara, si la mwenye nyumba. Hawaulizi msaidizi huyo alikuwa nani, nami mpaka leo sijawaambia.