Selpher Nangila na Mkanda wa Mashine ya Posho

Selpher Nangila aliajiriwa na kampuni moja ya Tororo, Uganda, kupiga taipu, na angekubali kuishia hapo asingegombana na mtu. Kampuni iliuza injini za dizeli za kusagia nafaka na kuvuta maji. Kila injini ilikuja na kitabu cha Kiingereza, na kwa kuwa wanunuzi wengi hawakukielewa, kurasa zake ziliishia dukani kufungia chumvi.

Siku moja alimwendea meneja, Bwana Okochi, akamwambia kitabu kile kiandikwe upya kwa Kiswahili. Msamia wa Masafu, Mteso wa Mukuju na Mjaluo wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, walisikilizana sokoni kwa lugha hiyo. Kwa nini wasisikilizane nayo kwenye mashine? Okochi alicheka kwanza. Kisha akanusa biashara, akamruhusu.

Tangu hapo Selpher akawa anapanda gari la kampuni pamoja na fundi Okiror. Okiror akimaliza kufunga injini, Selpher humpa mnunuzi karatasi alizoandika, akakunja mikono na kunyamaza. Mnunuzi husoma, akajaribu. Akikwama mahali, Selpher hafungui kinywa; hukata sentensi ile na kuandika nyingine.

"Dada Selpher," Okiror alilalamika, "huyu tungemwonyesha kwa mkono, tukaenda zetu."

"Na kesho asubuhi utarudi umwonyeshe tena?"

Baada ya muda watu wakaanza kumwita Selpher hata kabla hawajanunua. Walimuuliza kijito chao kinafaa injini ya ukubwa gani, naye aliwajibu ukweli, hata pale ukweli ulipomaanisha wachukue injini ndogo. Okochi hakupenda, ila alivumilia.

Ndipo yakamkuta Egau, mwenye mashine ya posho, ya kusagia unga wa mahindi, pale Mukuju. Mkanda uliotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu ulikuwa na tabia ya kuchomoka, na kuiwasha injini upya kwa hendeli kulitaka nguvu za ng'ombe. Kwa hiyo Egau aliuvisha mkanda huku gurudumu likizunguka. Alifanya hivyo mara nyingi salama. Siku aliyoteleza, mkanda ulimvuta mkono, ukaondoka na vidole viwili.

Selpher alimkuta amekaa mlangoni, mkono umefungwa bandeji.

"Nani alikufundisha kuuvisha injini ikiwaka?"

"Nyinyi," Egau alisema, wala hakuonyesha hasira. "Siku ile mnaonyesha watu injini, Bwana Okochi nafanya hivyo hivyo. Watu napiga makofi. Mimi naona, mimi nafanya."

Selpher alirudi Tororo. Akaketi kwenye taipureta, akaandika: *Mkanda ukichomoka, zima injini. Ngoja gurudumu lisimame kabisa. Ndipo uvishe.* Akaweka maneno hayo ukurasa wa kwanza, juu ya jina la kampuni.

Okochi alisoma, akachukua kalamu, akayakata.

"Injini zetu tunaziuza kwa sababu hazisumbui," alisema. "Ukiwaambia wazime kila mara, watakwenda kununua kwa wengine."

"Egau amepoteza vidole."

"Egau ni mzembe."

"Egau alikuiga wewe, Bwana Okochi. Aliiga vizuri."

"Selpher, mimi ndiye niliyekupa hiyo kazi ya kuandika."

"Ndiyo. Basi niache niandike."

Kitabu kilichapwa bila maneno yale. Selpher alikipokea, akakiangalia, akakirudisha mezani kwa meneja.

Wiki hiyo hiyo ilikuwa zamu ya maonyesho Busia, siku ya soko, na watu walikuwa wamevuka kutoka pande zote. Okiror aliiwasha injini, moshi ukapanda, mahindi yakaanza kumiminika kinuni. Okochi alisimama mbele akiwa amevaa tai, akauchomoa mkanda kwa kijiti ili awaonyeshe wepesi wake wa kuurudisha. Akakunja mikono ya shati.

Kabla hajaugusa, Selpher alipita mbele yake, akainama, akazima injini.

Gurudumu likaanza kupunguza mwendo.

"Iwashe," Okochi alimwambia Okiror.

Okiror alitazama hendeli, akamtazama Selpher, akaanza kufuta mikono yake kwa kitambaa. Aliifuta polepole, kama mtu mwenye siku nzima.

Selpher aliwageukia watu. "Mkanda huu unavishwa injini imezimwa. Atakayewaambia vinginevyo, mwombeni kwanza aende Mukuju akamsalimie Egau kwa mkono."

"Umefukuzwa kazi," Okochi alisema kwa sauti ya chini.

"Nimesikia. Gurudumu limeshasimama, sasa nitawaonyesha." Akauvisha mkanda mbele yao, kisha akamwomba mama mmoja wa Masafu, Leonida Nasirumbi, aliyekuwa amekuja kutafutia kina mama wa kijiji chake mashine, ajaribu yeye mwenyewe. Leonida akauvisha. Okochi alikuwa ameshaingia garini.

Selpher hakurudi ofisini. Alipanga chumba cha mbele Mukuju, akatundika kibao: *Ushauri wa Mashine. Tunaandika Maelezo.* Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, na ndugu zake walimwambia aende akaombe msamaha. Akawauliza, msamaha wa nini? Leonida ndiye aliyemletea kazi ya kwanza, na wengine wakafuata. Okiror alianza kuja Jumamosi na spana zake, mwanzoni kwa kujificha, baadaye mchana kweupe.

Mwaka uliofuata gari la Okochi lilisimama mlangoni. Alisema wanunuzi wanamuulizia Selpher, na kiti chake bado kipo.

"Na yale maneno ya mkanda?"

"Tutaangalia."

"Basi mkishaangalia, karibu tena."

Okochi alibaki amesimama kidogo, akitarajia labda neno jingine. Mzee mmoja kutoka Kiyeyi alikuwa amekaa benchini, amekuja kuuliza kwa nini pampu yake inavuta tope, na Selpher alikuwa ameshamgeukia, anamuuliza mdomo wa bomba ameuzamisha wapi.