Mbingu ya Kijani Juu ya Mabanga

Miaka ile ya Zaïre nilifanya kazi katika studio ya mjomba wangu, mtaa wa Mapendo, mjini Goma. Tulipiga picha za kadi, za ndoa na za komunyo: watu wamesimama wima mbele ya pazia la buluu, mikono imebanwa mapajani, hakuna anayecheka. Lile pazia lilinichosha roho.

Muzungu mmoja aliyekuja kupima volkano alituachia filimu zake aliporudi kwao. Zilikuwa za diapo, zile za kurusha picha ukutani kwa taa. Mjomba akazitupa kwenye droo.

"Hatuna dawa ya kuzisafishia," alisema. "Ukiisafisha na dawa yetu, inaharibika."

"Inaharibika namna gani?"

"Inaharibika tu."

Jibu hilo halikunitosha. Jumapili, baada ya misa, nikatia filimu moja ndani ya kamera nikatoka kwa miguu. Nilipita mtaa wa Mabanga, nikapiga wauza makala na magunia yao ya makaa, mabati yenye kutu, shuka jekundu lililoanikwa juu ya ukuta wa mawe ya volkano. Nikapanda mpaka kijiji cha Munigi. Huko nilimkuta mama mmoja aliyetoka milima ya Masisi, ameketi kando ya njia na bidoni yake ya maji. Nikamwomba picha, nikamwahidi kumletea yake. Akafunga upya kitambaa chake cha kichwa, akaniangalia machoni kama mtu anayengoja kusikia neno la maana.

Niliisafisha filimu kwa dawa yetu ya kawaida, nikatoa picha. Mbingu ilikuwa kijani kama mgomba baada ya mvua. Mawe yalikuwa na buluu ndani ya weusi wake. Uso wa yule mama uling'aa kama shaba, kila mkunjo ukionekana. Ilikuwa Goma yetu ileile, ila imekasirika.

Mjomba aliziangalia muda mrefu. "Kweli, imeharibika muzuri," akasema, na mwenyewe akazitundika dirishani.

Watu walisimama kutazama, wakabishana, wakacheka. Kisha akaingia bwana mmoja wa serikali, abakosti yake, ile suti ya serikali isiyo na tai, imenyooshwa kwa pasi, kalamu mfukoni.

"Citoyenne," akaniita, maana enzi zile sote tuliitwa raia, si bibi wala bwana, "nani alifanya hizi?"

"Ni mimi."

"Mbingu ya Zaïre iko kijani?"

"Hapana, citoyen. Ni dawa ndiyo inageuza rangi."

"Na huyu?" Akagusa picha ya yule mama wa Munigi. "Unataka wageni waseme watu wetu wako wagonjwa?"

"Yeye mwenyewe alikubali nimupige."

"Mutu wa kubeba maji anajua nini?"

Mjomba alinigusa kiwiko ninyamaze. Sikunyamaza. Nilimwambia yule bwana kwamba maji anayokunywa asubuhi hayaji yenyewe. Akanitazama kana kwamba meza imesema. Akang'oa picha zote dirishani, akadai na filimu yenyewe, akachukua mkasi wetu wa kukatia picha za kadi. Aliikata vipande vidogo, polepole, akihakikisha naona. Halafu akaniamuru nifagie.

Nilifagia. Meno yaliniuma kwa kuyakaza. Kama angesema picha ni mbaya, ningebishana naye kama fundi. Lakini alimdharau mama asiyemjua, kisha akaondoka na picha ya uso wa mama huyo kwapani! Kwa haki gani? Mjomba alijaribu kunituliza kwa chai, ikapoa mezani.

Nilipanda tena Munigi, kwa sababu ahadi ni ahadi, hata ukiwa mikono mitupu. Nikamweleza yule mama yote.

"Alisema mimi sijui kitu?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe ulibakiza filimu?"

"Ninayo."

"Basi piga. Ile ya kuharibika. Sitaki ingine."

Safari hii hakuketi. Alipandisha bidoni mgongoni, kamba ikamkaza paji la uso, akasimama katikati ya njia. Waliokuwa wanapita wakalazimika kumpisha.

Picha ilitoka kijani kuliko ya kwanza. Sikuitundika dirishani, nilimpelekea mkononi, akaipachika ukutani karibu na rozari yake. Jirani aliyekuwa ameingia kuomba moto akaiangalia, akashangaa.

"Mama, mbona wamekupaka rangi ya majani?"

"Hawakunipaka," akamjibu. "Ni mimi nilichagua."