Mikono Mfukoni na Bodi Iliyonyamaza

Katika karakana ile kulikuwa na sheria moja tu iliyofuatwa kikamilifu: kitu kikiharibika, mwenye kesi ni aliyekigusa mwisho. Haikuandikwa popote, lakini mafundi waliijua kuliko walivyoijua kazi. Ndiyo maana fundi mkuu, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, alikuwa amepanda hadi ukuu huo bila doa hata moja. Alifanya kazi mikono ikiwa mfukoni. Alitazama, akaguna, akashauri, wengine wakagusa. Walimwita Mikono Mfukoni, naye akalipokea jina hilo kama cheo.

Binti yake alipoajiriwa hapo kwa majaribio, alimpa onyo mapema: "Hapa kazini mimi si baba yako. Niite Fundi." Binti alijitahidi, masikini, lakini ulimi ulimponyoka kila siku.

Jumatatu hiyo binti ndiye aliyewasha bodi ya kuendesha pampu za maji za hospitali. Ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Huzungumza na fundi kupitia waya uliochomekwa kwenye laptopu. Maandishi ya bodi inapowaka yalitiririka kwenye laptopu kama kawaida. Kisha, pale ambapo bodi huuliza jina na nenosiri ili fundi aingie, ikanyamaza. Akabonyeza, akabonyeza tena. Kimya tupu. Bila kuingia hakuna kurekebisha vipimo, na watu wa hospitali walikuwa wanakuja kuichukua mchana.

Meneja akafika mbio, tai ikiwa begani. "Nani amegusa mwisho?"

Vidole vyote vikamwelekea binti.

"Basi mchana ukifika haijapona, chukua mkoba wako uende."

Ghafla karakana nzima ikajaa wataalamu. Huyu akasema ni umeme, yule akasema ni joto. Mtunza stoo, ambaye hajawahi kuona bodi ikiwashwa, akaapa kwamba ni husuda. Hakuna aliyesogelea meza.

"Badilisha waya," Mikono Mfukoni akashauri kwa mbali.

Binti akabadilisha. Wapi! "Lakini Baba... samahani, Fundi. Waya ungekuwa mbovu, yale maandishi ya mwanzo yangepitaje?"

Swali zuri. Mzee alijivunia mtoto wake, na papo hapo jasho likamtoka, maana jibu alikuwa nalo.

Ijumaa iliyotangulia, mafundi wengine walipokwisha ondoka, Meneja alikuwa amemvuta mzee pembeni. "Hii bodi yako inauliza watu majina kama mlinzi wa getini. Wageni watatuonaje? Inyamazishe." Mikono Mfukoni akatoa mkono mmoja mfukoni, akafungua faili la mipangilio, akaweka alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari unaoita ile programu ya kuuliza jina. Mstari wenye alama hiyo bodi huuruka. Mkono ukarudi mfukoni, hakuna fundi aliyeuona. Meneja naye, kufikia Jumatatu, alikwisha sahau; kusahau ndiyo kazi aliyoisomea.

"Nimekosea wapi, Baba?" binti akauliza, macho yamelowa, mkoba wake ukiwa tayari mezani. Safari hii hakuomba hata samahani.

Roho ikamuuma mzee, ikamuuma kwelikweli. Akatoa mikono yote miwili. Karakana ikashtuka, mtunza stoo ndiyo kwanza akajua kwamba mtu huyu ana pete. Mzee akachomoa kadi ya kumbukumbu kwenye bodi, akaipachika kwenye laptopu, akafungua faili, akafuta alama moja, akairudisha kadi mahali pake. Akawasha. Maandishi yakatiririka, yakasimama, na bodi ikauliza jina.

Shangwe! Watu wakamsifu baba aliyemwokoa mwanawe. "Nani amegusa mwisho?" Meneja akauliza, kwa mazoea tu.

"Mimi," akajibu mzee, kifua mbele. Hakuwahi kulitamka neno hilo mahali pale, akaliona tamu.

"Hongera sana. Binti, rudisha mkoba wako."

Binti hakuugusa mkoba. Alikuwa bado anaitazama laptopu, ambako faili lilikuwa wazi na mistari yake mingi imejipanga.

"Hukutafuta," alisema taratibu. "Umekwenda moja kwa moja kwenye mstari ule."

Mikono ya mzee ikaanza kutafuta mifuko.

"Umejuaje, Fundi?"

Ulimi haukumponyoka.