Mtu Aliyeitwa Hodi

Kiingereza nilichoingia nacho chuoni kilikuwa cha shule ya kata: kizuri kwenye karatasi, kigumu mdomoni. Kwetu, upande wa Irente hapahapa Lushoto kilipo chuo, nyumbani tunasema Kishambaa, sokoni Kiswahili, na Kiingereza tunawaachia wageni wanaokuja kutembea milimani na kununua jibini. Kwa hiyo nilipopangiwa chumba kimoja na msichana kutoka Burundi, ambaye naye alikuwa na Kirundi, Kifaransa na Kiswahili cha Bujumbura, nilifurahi. Nilijisemea, angalau tutakuwa mabubu wawili.

Alifika Lushoto mwezi wa saba, maskini, na viatu vya wazi. Aliniuliza kama ukungu ule huwa unaondoka. Nikamwambia unaondoka, ila unarudi. Mama yangu alipomwona akamletea sweta na ndoo ya viazi, akamsemesha Kishambaa mwanzo mpaka mwisho. Mpaka leo hajui aliambiwa nini, lakini sweta alilivaa. Kilichomchosha zaidi ni shikamoo. Kwetu humpiti mtu mzima hivihivi, na njia ya kutoka bwenini kwenda darasani ina watu wazima wengi.

Mwalimu wetu wa mawasiliano alikuwa mama mmoja Mwingereza, mgeni nchini asiyejua Kiswahili, mpole, anayesema harakaharaka. Kiingereza chake hakikuwa kile cha kitabuni. Siku moja ana mafua, akatuambia yuko chini ya hali ya hewa. Mwenzangu akatazama dirishani, wingu limekaa juu ya paa, akaninong'oneza kwamba hapa sote tuko chini yake, sasa huyu analalamika nini. Nilicheka mpaka nikatazamwa.

Kicheko kiliisha siku ya jaribio. Wiki moja kabla, mwalimu alitutangazia kwamba jaribio la Ijumaa lisitutie wasiwasi, litakuwa kipande cha keki, yaani, kama nilivyokuja kujua baadaye, jepesi. Mimi nilidaka neno jaribio, nikadhani keki inakuja baadaye. Mwenzangu alidaka maneno mawili tu, Ijumaa na keki, wala hakuniuliza. Ijumaa namwona anaingia darasani na kitenge chake kizuri, kabeba chupa ya chai na mfuko wa karanga za kukaanga, kwa sababu kwao huendi kula keki ya watu mikono mitupu. Kalamu hana. Nikampa yangu ya akiba. Alichoandika siku ile hata yeye hakijui.

Alianguka jaribio, na kwake kuanguka hakukuwa jambo dogo kama ambavyo kungekuwa kwangu. Yeye alisomeshwa na wafadhili, na walishamwambia akifeli somo lolote muhula wa kwanza anarudi kwao. Wa kumwokoa alikuwa mwalimu peke yake, akikubali kumpa jaribio jingine kabla mwezi haujaisha. Na mwalimu alikuwa ametuambia kwa kinywa chake: mlango wangu uko wazi siku zote.

Basi tukaenda ofisini kwake. Mlango umefungwa. Kesho yake umefungwa. Sasa wewe mtu akuambie mlango wake uko wazi, uende uukute umefungwa, utaelewa nini? Sisi tulielewa kwamba ameudhika. Na mlango wa mtu mzima ukiwa umefungwa huusukumi, wala huugongi kama askari. Unasimama pembeni, unapiga hodi kwa sauti ya adabu, unangoja karibu. Tukapiga hodi. Tukasikia kikombe kinawekwa mezani, kiti kinasogea. Karibu haikuja. Mwenzangu akasema anatusikia, basi tu hataki kutuona.

Kumwandikia ujumbe alikataa. Amwandikie kwa Kiingereza kipi, na aseme nini, kwamba alikuja kula keki? Nikasema nitamsemea mimi, akaniapisha nisithubutu, aibu ile ingemmaliza. Tukaendelea kwenda kila alasiri, tunapiga hodi, tunangoja, tunaondoka. Nilikasirika jamani. Nilimwambia mwenzangu kwamba mwalimu yule ana roho ngumu kama jiwe la kusagia, na mengine niliyasema kwa Kishambaa, sitayaandika. Mwisho mwenzangu akampigia mama yake simu, akamwambia anarudi nyumbani. Akaanza kukunja nguo. Nilikuwa nimeshamzoea. Kumwona anakunja lile sweta kuliniuma mno.

Katika kipindi cha mwisho kabla ya safari ya mwenzangu, mwalimu alimaliza kufundisha lakini hakukusanya vitu vyake. Alivua miwani, akasema kuna jambo linamnyima raha, na siku hiyo alisema polepole, kila mtu akaelewa. Alasiri, akiwa amejifungia ofisini kwa sababu ya baridi, anasikia wasichana nje wanamwita mtu. Wanamwita kwa upole, kwa huzuni kabisa, kisha wanaondoka. Amelitafuta jina hilo kati ya wanafunzi wote, hakulipata. Anaogopa asije akawa kijana amepotea na hakuna anayemjali.

"Naomba mniambie," alisema. "Hodi ni nani?"

Darasa lililipuka. Watu walipiga meza, wengine walijifuta machozi, na mwalimu kabaki anatutazama, uso umemwiva. Mimi mwenyewe mbavu ziliniuma. Nikageuka nimwone mwenzangu. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama, yeye ambaye tangu afike hakuwahi kufungua mdomo darasani, ameshika meza kwa mikono miwili. Akasema, kwa Kiingereza cha kuokoteza:

"Hodi ni mimi, mwalimu. Nimekuita siku nyingi."

Kicheko kikakatika. Akaeleza yote, keki, chai, karanga, na safari ya kesho yake. Alikosea karibu kila neno na hakuacha. Mwalimu alimsikiliza amefunika mdomo kwa mkono, na alipoelewa habari ya keki alifumba macho. Akamwambia aahirishe safari, Jumatatu aje afanye jaribio upya. Karanga alete akipenda, ila kalamu asisahau.

Mwenzangu alipotoka darasani alimpigia mama yake. Wakaongea Kirundi muda mrefu, sikuambulia kitu, kisha akanipa simu nimsalimie. Nikasema shikamoo, yule mama hakujua aitikie nini, akacheka kidogo. Nilikuwa na furaha ya ushindi, nikamwambia, mama, mwanao harudi tena, tumembakisha.

"Nimeshukuru," yule mama alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Ila kitanda chake nilikuwa nimeshakitandika. Basi kikae hivyohivyo, atakikuta."

Siku zote zile nilihangaika asiondoke, na haikuwahi kunipitia kichwani kwamba kuna mtu anamngoja afike. Nikamrudishia mwenzangu simu yake, nikatoka nje nikae peke yangu kidogo.